Safari Hufungwa Lini?

Nilipoajiriwa kuwa karani wa usafirishaji Gatitu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni nzima ilikuwa ndani ya kauntabuku moja. Kila lori lilikuwa na mstari wake: nambari ya gari, dereva, utingo, mzigo, aendako, lita za dizeli, mailaji. Mailaji ni pesa ya njiani anayopewa dereva kabla hajatoka. Lori likirudi getini, mstari ulikatwa kwa kalamu nyekundu na safari ikahesabiwa kuwa imefungwa. Hakuna aliyeuliza imefungwa kwa nani.

Gatitu panafaa kuweka malori. Nyeri mjini si mbali, Kiganjo kuna kiwanda cha maziwa, na ukifika Marua umeshika barabara kuu ya Nairobi na Nanyuki. Sisi tulibeba kahawa ya vyama vya ushirika, ile iliyokwisha kukaushwa lakini bado ina ganda, tukaipeleka kukobolewa. Tulibeba chai kutoka viwanda vya Othaya na Tetu hadi kwenye maghala ya mnada Mombasa, na tukijaliwa, tulirudi na mbolea. Tusipojaliwa, lori lilipanda tupu, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika biashara hii.

Mpangaji wa malori tulimwita Guka, yaani babu, japo hakuwa mzee hivyo. Ni vile tu alikuwapo kabla yetu sote. Dereva angesema, "Guka, kesho Chinga usinipe mimi, kule kumenyesha," naye angefuta jina bila kuuliza. Alijua ni kiwanda gani lori la ekseli mbili nyuma haligeuki, ni mteja gani hafungui ghala baada ya saa kumi, na ni dereva gani ana mgonjwa nyumbani. Katika hayo yote hakuandika hata neno moja.

Kompyuta ilipokuja ilikuja kwa mhasibu, na kwa miaka kadhaa haikutugusa sisi wa uwanjani. Kilichoiua kauntabuku, kwa maoni yangu, ni M-Pesa. Kabla ya Machi 2007 mailaji ilitolewa mkononi, mara moja. Dereva akikwama Mtito Andei, tulimtumia bahasha kwa basi na kuomba Mungu. Baada ya hapo pesa zilianza kwenda vipande vipande: za kutokea, za tairi Voi, za kuli Mombasa, kila kipande na msimbo wake na ada yake. Mstari mmoja haukutosha tena. Tulianza kuandika pembezoni, kisha kwenye vipande vya karatasi, kisha mhasibu akagoma kuvipokea.

Nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, wauzaji wa programu walianza kutufikia hata huku mlimani. Mmoja alituonyesha mfumo mzuri sana wa kutoka ng'ambo, wenye ramani na rangi. Ulidai msimbo wa posta wa kila mteja, wakati anwani za wateja wetu ni za aina ya "ukipita kanisa la PCEA, geti la pili la kijani." Haukuwa na mahali pa kuandika mailaji. Tena ulilipiwa kwa dola, kwa kila gari, kila mwezi, liwe barabarani au liwe juu ya mawe gereji. Mwenye kampuni aliwashukuru, akawapa chai, akasema tutaandika yetu.

Wengi walimcheka. Mimi nimesoma baadaye kwamba alikuwa na wenzake wa zamani. Mwaka 1951 kampuni ya J. Lyons ya London, iliyouza chai na keki, iliunda kompyuta yake yenyewe iitwayo LEO, na kazi yake ya kwanza ya kila wiki ilikuwa hesabu za mikate. Wauza chai walitangulia wengine wote kuweka kompyuta kwenye biashara, kwa sababu walijua kero zao na hapakuwa na mtu wa kuwauzia dawa.

Akaajiriwa kijana aliyesomea Chuo cha Kimathi, kile kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2012. Aliwekewa meza karibu na stoo ya vipuri, akaandika kwa PHP na MySQL huku akisikia nyundo. Programu yake ya kwanza ilikuwa kauntabuku ile ile kwenye kioo, mistari ile ile, hata nyekundu ile ile. Guka aliitazama akasema, "Sasa hii imejua nini ambacho sikujua?" Kijana hakuwa na jibu, lakini nampa heshima kwamba alilichukua swali.

Jibu lilianzia kwenye dizeli. Programu ilipiga hesabu ya kilomita kwa lita na kuweka alama kwa kila aliyetumia zaidi ya wastani. Ikawa madereva wanaorudi na mbolea wote ni wezi, na wanaorudi watupu wote ni watu wa Mungu! Uwanja ukachafuka. Dereva mmoja aliingia ofisini na kofia mkononi, akamwambia kijana kwa upole uliotisha, "Mwanangu, panda na mimi." Kijana akapanda. Kutoka Mombasa unaanza usawa wa bahari, unapanda hadi Nairobi, unateremka tena mpaka Sagana, halafu unapanda kuja Nyeri iliyo zaidi ya mita 1,700. Magunia 560 ya mbolea, ya kilo hamsini, ni tani 28. Chai hujaza boksi la lori kabla haijafikia uzito huo. Aliporudi alifuta wastani, akaweka kiwango kwa kila njia, kwa kila upande, na kwa uzito uliobebwa. Wizi haukuisha, lakini sasa tuliweza kuuona ulipo.

Kisha likaja suala la mvua. Tangu 1959, watafiti Dantzig na Ramser walipoandika kuhusu kupangia malori ya petroli vituo vyake, hesabu za njia fupi zimejengwa juu ya umbali unaojulikana. Huku kwetu umbali wa kwenda kiwanda cha kahawa mwezi wa Aprili hautegemei kilomita. Guka alidai safu moja tu: kukinyesha, gari gani lisitumwe. Aliijaza mwenyewe, kwa kidole kimoja, jioni kadhaa, na mimi nikimsomea majina ya viwanda. Naiona hiyo ndiyo sehemu ya thamani kubwa kuliko zote katika mfumo wetu, nayo haina ufundi wowote ndani yake.

Madereva wengi walikuwa na mulika mwizi, zile simu ndogo za tochi, kwa hiyo taarifa zilikuja kwa SMS: neno FIKA na nambari ya safari. Hapo ndipo lile swali ambalo hatukuwahi kuuliza lilipojitokeza. Askari wa geti alisema safari imefungwa lori likirudi. Dereva alisema imefungwa mzigo ukishuka, mengine ni ya ofisi. Mhasibu alisema bado, maana mteja halipi bila hati ya kupokelea mzigo yenye muhuri, na hati hiyo huenda imelala chini ya kiti cha utingo. Mwenye kampuni alisema haijafungwa mpaka pesa ziingie benki. Kijana aliacha kutafuta nani ana haki, akaweka tarehe zote nne. Tukaona kwa macho yetu kwamba malori yalikuwa yanarudi kwa wakati huku pesa zikichelewa kwa sababu ya karatasi. Simu za kupiga picha ziliposhuka bei, hati ilianza kupigwa picha pale pale ghalani, na pengo likapungua kuliko kwa mbio yoyote ya barabarani.

Kuanzia hapo mabadiliko yaliletwa na watu wa nje. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2013 kuhusu uzito wa magari ilitufanya tupange mzigo kwa ekseli, si kwa jumla pekee. Unaweza kuwa chini ya tani 56 na ekseli moja bado ikakushtaki mizani. Mwaka 2018 makontena mengi yalihamishiwa kwenye reli ya SGR hadi Nairobi, mizigo ya kurudia ikaadimika Mombasa, ikabidi programu ijifunze safari za kuanzia Embakasi, jijini Nairobi. Septemba 2022 wenye mizigo wakarudishiwa hiari ya kuchagua, nasi tukairudisha njia ambayo kijana, kwa busara, hakuwa ameifuta. Halafu zikaja ankara za eTIMS, zile za kielektroniki za mamlaka ya mapato. Na ujenzi wa barabara pana ya Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84, uliharibu saa zetu zote za kufika.

Jirani mwenye Canter mbili aliomba tumuuzie mfumo. Nilimwambia abaki na kundi lake la WhatsApp, na bado naona nilimshauri vizuri. Wetu umejaa mabishano ya uwanja wetu. Yeye hana watu wa kubishana nao.

Guka amestaafu, na kijana yuko Nairobi na familia. Anayepanga malori leo ni mama aliyekuwa keshia, na vijana wapya wanataka ramani ipange yenyewe. Walikubaliana hivi: mashine inapendekeza, mama anaweza kukataa, lakini akikataa lazima aandike sababu. Mwenye kampuni sasa husoma sababu hizo kabla ya kusoma hesabu. Nyingi ni fupi: "daraja," "soko Karatina," "dereva hajalala."