Siku Nne za Kuandika Bustanini Tukuyu

Mama akiaga kwamba anakwenda semina, msibani au kumwuguza ndugu, hakuna anayeshangaa. Akisema anakwenda mahali patulivu akaandike, ataulizwa, "Kuandika nini?" Nasi tuliulizwa hivyo. Tulikuwa watatu wa kikundi kimoja cha akina mama kanisani, sote tuna waume na watoto. Kila mmoja alikuwa na jambo alilokusudia kuliandika kwa miaka, na kila mwaka lilimezwa na jiko, kazi na vikao.

Tulichagua Tukuyu, yapata kilometa 70 kutoka Mbeya, katika barabara iendayo Kyela. Tulipanga kibanda cha mbao katika bustani ya familia moja, kando ya migomba na miparachichi. Hakina fahari: vitanda vitatu, meza ndefu, taa, ndoo za maji na choo cha nje. Maji ya kuoga tulichemsha kwenye jiko la mkaa. Mchele na unga tulitoka navyo nyumbani. Ndizi za kupika, maharage na maziwa tulinunua sokoni. Tulipogawana gharama, ukiacha nauli, kila mmoja alitoa chini ya bei ya vitenge viwili.

Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi sana nchini, na mwezi Juni, tulipokwenda, kuna baridi na ukungu. Anayetaka kwenda asisahau sweta na soksi. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu meta 3,000, ulijificha asubuhi nzima. Ukungu huo ulitufaa, maana haukutushawishi kutoka nje.

Tulisali saa kumi na mbili, tukanywa chai, tukaandika kuanzia saa mbili hadi saa saba. Simu zilizimwa zikawekwa kikapuni. Alasiri tulipika na kutembea, na jioni tulisomeana.

Siku ya kwanza hatukuandika la maana. Mmoja alisinzia mezani. Mwingine aliwaza kama watoto wamekula. Mwili wa mama uliozoea kuamshwa usiku hauamini upesi kwamba umeruhusiwa kutulia.

Siku ya pili tulikwenda Misheni ya Rungwe, ambako Wamoraviani walianza kazi mwaka 1891. Huko tulizungumza habari za Monica Wilson, mtaalamu wa mila za watu kutoka Afrika Kusini, binti wa wamisionari. Yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, akamwachia mkewe watoto wawili wa kiume wadogo na maandishi mengi. Mama huyo hakuyatupa. Kitabu chake Good Company kilitoka mwaka 1951, vingine vikafuata mwaka 1957 na 1959, na kingine mwaka 1977, karibu miaka 40 baada ya utafiti. Ikiwa mjane mwenye watoto alingoja na kuendelea kiasi hicho, sisi tulikosa la kujitetea.

Jioni ya tatu mwenzetu mmoja alitusomea. Alikuja kuandika mafundisho kwa mabinti wanaoolewa, lakini kalamu ilimpeleka kwingine. Aliandika habari za mtoto wake wa kwanza, aliyefariki akiwa na umri wa siku sita, miaka 21 iliyopita. Nyumbani jina lake halikutajwa tena, kwa nia njema, ili mama asiumie. Aliandika jina hilo, na rangi ya shali aliyomfunikia. Hatukumpa ushauri. Muuguzi kati yetu, aliyezoea kuandika vifo vya watoto wachanga kwa mstari mmoja katika daftari la wodi, ndiye aliyenyamaza kuliko wote.

Aliporudi nyumbani alimpa mumewe kurasa zile. Baba alizisoma peke yake uani, kisha akasema watoto waambiwe kwamba walikuwa na kaka.

Akina mama wenzetu, katika Marko 6:31 Bwana aliwaita mitume wajitenge na makutano wapumzike kidogo. Mama naye anahitaji hayo. Zungumza na mumeo mapema, acha fedha ya matumizi na mpango wa chakula, mwombe dada au shangazi awaangalie watoto. Nendeni wawili au watatu ili gharama ipungue na mtu asizidiwe na huzuni peke yake. Si lazima iwe Tukuyu. Hata chumba cha wageni cha usharika jirani kinafaa. Chukua daftari na kalamu mbili. Usipojua pa kuanzia, anza na jina la mtu ambaye hutaki asahaulike nyumbani mwako.