Mtungi wa Tatu

Nilikulia Milola, bara kidogo kutoka Lindi mjini, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Nyuma ya mlango wa uani palikuwa na mtungi umekaa juu ya mchanga mbichi, umefunikwa sahani ya bati, na juu ya sahani kuna kata ya kifuu. Unatoka kwenye mikorosho jua la saa sita limekuchoma, unachota, unakunywa, meno yanaingia ganzi. Utotoni sikuwahi kujiuliza ubaridi ule ulitoka wapi. Nilijiuliza mwaka 1985, nikiwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, natafuta jambo la kuandikia tasnifu ya uzamili katika fizikia.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na maabara kipimajoto kikivunjika hujui kingine kitapatikana lini. Msimamizi wangu aliniambia nichague swali linaloweza kujibiwa kwa vitu vilivyopo. Nikamwambia: mtungi. Nilidhani atanirudisha nikafikiri upya. Alikubali palepale, akauliza neno moja tu: "Mtungi gani?" Nikajibu kwamba mtungi ni mtungi. Akanitazama, akaliacha.

Pale idarani kisa cha Erasto Mpemba kilisimuliwa kama habari za ukoo. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa huchemshwa, huachwa yapoe, ndipo huingizwa kwenye jokofu. Siku moja aliona nafasi inakwisha, akaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye wauza aiskrimu wa Tanga walimwambia kwamba wao huingiza ya moto siku zote, yanawahi. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na darasa likamcheka. Alisubiri mpaka Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo chetu, alipokwenda kuzungumza na wanafunzi, akasimama akamuuliza yeye.

Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi fundi wa maabara. Fundi akaja na taarifa kwamba ni kweli, maji ya moto yametangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Msimamizi wangu aliipenda sana sehemu hiyo ya kisa, na kila alipoisimulia alinyamaza kidogo baada yake. Walirudia kweli: mililita 70 za maji katika bika, maji ya joto mbalimbali. Yaliyoanzia nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda. Yaliyoanzia karibu nyuzi 90 yaliwahi. Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969, Mpemba akiwa tayari ni mwanafunzi wa uhifadhi wa wanyamapori kule Mweka.

Basi nikaenda Milola kuchukua mitungi. Msomaji wa leo, anayevuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, hajui safari ile ilikuwaje. Tulilala njiani. Pale Ndundu tulisubiri kivuko nusu siku, nami nimekaa juu ya mizigo nimekumbatia mitungi iliyofungwa kwa magunia na majani ya migomba. Niliondoka na mitatu mipya niliyoinunua kwa mama mfinyanzi. Mmoja ulipasuka kwa mtikisiko. Kwa bahati bibi alikuwa amenipa na mtungi wake wa zamani, nikawekee maji chumbani. Huo nikauingiza kwenye hesabu kujaza nafasi ya uliovunjika, nikauita mtungi wa tatu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukesha. Kila saa napima uzito wa kila mtungi, joto la maji ndani, joto la hewa, na joto la kipimajoto cha pili ambacho ncha yake imefungwa kitambaa kilichoroweshwa. Maji hupenya kwenye vitundu vidogo vya udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na kila gramu inayoondoka inakwenda na takriban jouli 2,400 za joto. Lita moja ya maji hupoteza jouli 4,200 ili ishuke nyuzi moja. Kwa hiyo gramu kumi zikitoka kwenye lita moja, na joto lisiingie kutoka nje, maji yanashuka karibu nyuzi sita. Mpaka wa mtungi ni kile kipimajoto cha kitambaa: hauwezi kupoa chini yake. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu wake asilimia 50, mpaka huo uko karibu nyuzi 22. Unyevu ukifika asilimia 80, unapanda hadi 27. Ndiyo maana mtungi wa mwambao hulegea wakati wa mvua.

Mitungi miwili mipya ilifuata hesabu vizuri kabisa. Wa tatu ulikaidi. Uzito wake haukupungua inavyotakiwa, na maji yake yalikaribia joto la chumba. Nilipima upya wiki mbili. Nikabadilisha vipimajoto, nikauhamisha dirishani, wapi. Mwishowe nikaandika ripoti ya mitungi miwili, nikaipeleka.

Msimamizi alihesabu mitungi kwenye meza yangu, akahesabu safu kwenye jedwali. Akaniuliza wa tatu uko wapi. Nikasema umeharibika. "Umevunjika?" Haujavunjika. Akanirudishia karatasi zangu bila kuzisoma. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

Juni nilikwenda nyumbani, kusi imeanza, hewa kavu. Nilimkuta bibi uani anasugua mtungi mwingine kwa mchanga na kumbi la nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Na ule wangu unausugua huko?"

Nikamuuliza kwa nini niusugue. Alinishangaa. Akasema mtungi ukizeeka unaziba, maji hayatoki jasho, na mtungi usiotoka jasho haupozi. Ule alionipa alikuwa ameuacha kwa sababu hiyohiyo. Alinipa wa kuwekea maji, akasema, hakunipa wa kupozea.

Mtungi gani? Swali lile lilikuwa limenisubiri miezi mingi. Nilirudi Mlimani, nikausugua wa tatu ndani na nje, nikaupima tena. Ukaanza kutoka jasho. Haukuifikia mitungi mipya, ila uliisogelea.

Nilikuja kulikumbuka swali lile tena mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipopima upya suala la Mpemba na kulitilia shaka, wakionyesha kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kubadili jibu. Wengine wameendelea kulitetea, na ubishi haujaisha. Kwangu mimi haumpunguzii Mpemba kitu. Alisema alichokiona, akakisema tena mbele ya waliomcheka.

Tasnifu yangu ina jedwali lenye safu tatu. Kwenye safu ya tatu kuna alama ya nyota, na chini ya ukurasa nimeandika kwamba mtungi huu ni wa zamani, ulikuwa umeziba, na kwamba maelezo hayo yametolewa na bibi yangu, Milola.