Kinu na Michi Miwili

Mama mpendwa msomaji, mwezi huu tunakuomba ufunge kibwebwe, uchukue kikapu chako na kutufuata hadi Mpanda. Safari si fupi, lakini ndani ya behewa tutabanana, na chakula tumebeba cha kutosha.

Sisi ni akina mama watatu wa Tabora mjini. Kwa miaka sita sasa, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, tunakutana sebuleni kwa mmoja wetu kutengeneza kadi za salamu. Tunachonga mihuri yetu wenyewe, tunaipaka wino na kuigonga juu ya karatasi ya manila. Hatuuzi. Ni jambo la kujifurahisha tu, kama wenzetu wanavyofuma vitambaa vya makochi. Kadi zetu huenda kwa wazazi waliojifungua, kwa wagonjwa, kwa wafiwa, na Noeli inapokaribia tunagonga hadi vidole vinakuwa vyeusi.

Mwezi Novemba mwaka 2023 shangazi wa mmoja wetu, anayekaa Kashaulili, alituita. "Wanangu," alisema kwenye simu, "njooni mtufundishe na sisi huo mchezo wenu kabla ya Noeli." Tukaaga nyumbani, tukapanda treni.

Siku hizi lami imefika Mpanda, na wengi huona ni afadhali wapande basi linalopita Sikonge. Sisi tulichagua treni kwa sababu ndani ya treni mtu anaweza kuchonga muhuri. (Wembe ndani ya behewa linaloyumba si jambo la kuigwa. Mmoja wetu ana kovu la kidole la kuthibitisha hayo.) Kaliua ndipo njia zinapoachana: moja inakwenda Kigoma, nyingine inashika kusini kuelekea Mpanda, kilometa zipatazo 210. Njia hii haikujengwa kwa ajili yetu sisi abiria. Ilikamilika mwaka 1950 ili kubeba madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa karibu na Mpanda. Baada ya miaka kumi hivi mgodi ulifungwa, wenyewe wakaenda zao, reli ikabaki. Nje ya dirisha ni miyombo mitupu, saa baada ya saa, na huku na huko mzinga wa nyuki umetundikwa juu ya mti. Ukivuka mto Ugalla unajua umeanza kuingia. Kisha Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, na ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Hapo tulinunua ndizi.

Kashaulili ni kata iliyo katikati kabisa ya mji wa Mpanda. Wenyeji wa zamani wanakumbuka Mpanda ilipokuwa sehemu ya Tabora, kisha ikawa Rukwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Shangazi anasema yeye amehamia mikoa mitatu bila kuhama nyumba. Udongo ni mwekundu, na mvua za kwanza zilikuwa zimeushusha vumbi. Sokoni tulikuta migebuka iliyotoka Ziwa Tanganyika, mchele, karanga, uyoga wa porini uliopangwa kwa mafungu, na asali iliyotiwa katika chupa za maji. Asali ya Mpanda tulikuwa tunaijua, maana hata Tabora penye asali nyingi watu huisifu, ingawa kwa shingo upande. Tulinunua chupa mbili, na viazi vitamu debe zima.

Mwenye kuuza viazi alitaka kujua kama tuna sherehe. Tulipomwambia tunakwenda kuvichonga mihuri, alicheka, akatuongezea vitatu vya nyongeza.

Basi, tulikaa barazani kwa shangazi, akina mama kumi na mmoja na wasichana wanne. Kwa faida yako wewe uliyebaki nyumbani, tueleze kidogo. Kiazi hukatwa katikati kwa kisu kikali, pigo moja, ili uso wake uwe sawasawa. Unachora umbo kwa ncha ya sindano, kisha unaondoa nyama yote isiyotakiwa, umbo libaki limeinuka kama unene wa sarafu mbili. Hapo usiwe na haraka! Kiazi kitamu hutoa maji yenye sukari, na ukikipaka wino kabla ya kukikausha kwa kitambaa, wino utatambaa na ndege wako atageuka kuwa wingu. Muhogo ni mgumu zaidi na chapa yake ni safi, ila una mzizi katikati unaopasua kazi. Wala hakuna kati ya hivyo kitakachomaliza siku mbili.

Kwa hiyo muhuri wa kudumu sisi huutoa kwenye ndala. Naam, ndala zile kuukuu za kuogea. Chukua iliyolika kisigino hadi ikawa laini. Ile mpya ina vipele, itakubidi kuisugua kwanza juu ya jiwe la kunolea. Wembe hupita ndani yake kama ndani ya siagi. Ukimaliza, unaigundisha kwenye kipande cha ubao ili upate pa kushika. Wino wa mihuri unapatikana katika maduka ya vifaa vya ofisi. Umwagie kwenye kipande cha sponji ya godoro kilichokaa ndani ya kisosi. Asiye na fedha ya wino achanganye masizi ya sufuria na uji mwembamba wa unga wa muhogo, atapata rangi nyeusi. Manjano ya mboga hutoa rangi nzuri sana, lakini tunakuonya kuwa hupauka juani.

Kosa la kwanza lilikuwa letu sisi walimu. Tulichonga neno HERI kwa fahari kubwa, tukaligonga mbele ya watu, likatoka kinyumenyume, kama linavyosomwa kwenye kioo. Miaka sita tunafanya kazi hii, na bado tunasahau kuwa herufi lazima zichongwe kwa kugeuzwa! Wasichana walicheka hadi shangazi akawakemea. Baada ya hapo hakuna aliyetuogopa tena, na kazi ikaenda.

Mama mmoja alitoa kabatini kadi zake za miaka ya 1990, zile za dukani zenye theluji na nyumba zenye moshi. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuchapishwa na kuuzwa ilitolewa London mwaka 1843, na aliyeiagiza, Henry Cole, alikuwa na marafiki wengi mno wa kuwaandikia barua mmojammoja. Alitafuta njia ya kupunguza kazi. Kwetu hapa wengine sasa hutuma picha ileile ya mshumaa kwa watu mia kwa mguso mmoja wa simu, na hatuwalaumu, sisi pia tumefanya. Lakini yule mama alisema kuwa zile za theluji amezihifadhi kwa sababu ya mwandiko ulio ndani, theluji yenyewe hana habari nayo.

Katika mazungumzo hayo tulikumbushana pia kuwa kanga za mwanzo kule pwani zilipigwa chapa kwa mkono, kwa vibao vya mti vilivyochongwa, kabla ya viwanda kuchukua kazi. Na kanga yenye maneno ni nini kama si kadi? Unaivaa, jirani anaisoma, ujumbe umefika. Tatizo la kanga ni kwamba haisomeki kwa mtu aliye mbali.

Hilo ndilo lililomfanya Bibi aseme.

Bibi ni jirani wa shangazi, mjane, mwenye miaka sabini na kitu. Siku ya kwanza alikaa pembeni akichambua uyoga wake, hakugusa kiazi. Sasa akauliza, bila kututazama, kama mtu asiyejua kuandika anaweza kupeleka kadi. Alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, akazijua herufi zote, akapata na cheti. Lakini baada ya hapo hakuwa na kitu cha kusoma, na herufi, alisema, zilirudi zilikotoka.

Shangazi alitueleza mengine usiku. Bibi ana binti Dar es Salaam. Baba alipofariki, kiwanja kiliuzwa, na binti aliona ameonewa. Maneno yaliyosemwa siku ile hayarudiki. Miaka minne imepita. Simu zimejaribiwa: huyu akipokea, yule anasikia sauti, wote wawili wananyamaza, mwishowe salio linakwisha. Ndugu wamesuluhisha, wamechoka.

Asubuhi tulimfuata Bibi nyumbani kwake. Tulipiga hodi, tukamwamkia, akatukaribisha kwa uji wa karanga. Hapo ndipo tulipofanya kosa la pili, na hili halikumchekesha mtu. Alitoa sanduku la bati lililojaa barua za marehemu mumewe, za wakati alipokuwa akifanya kazi mbali. Juu ya bahasha kulikuwa na stempu za vipepeo zilizotolewa mwaka 1973, rangi zake bado zimekolea. Sisi tunaokusanya stempu za zamani za kupambia kadi tulipigwa na tamaa. Mmoja wetu akasema, "Bibi, hizi tukiziloweka kwenye maji ya vuguvugu zinabanduka vizuri." Bibi alifunga sanduku. Hakusema neno, na sisi tulikunywa uji uliobaki tukitazama chini. Kwetu ilikuwa ni karatasi yenye kipepeo. Kwake ulikuwa ulimi wa mumewe ulioilamba ile stempu.

Tulidhani hatakuja tena. Mchana alikuja, na ndala yake mwenyewe mkononi.

Tulimwuliza anataka umbo gani. Tulimpendekezea nyota, njiwa, mti wa mninga. Alikataa vyote. Alitaka kinu. Kinu na michi miwili, mmoja juu na mmoja chini, kama watu wawili wanavyotwanga kwa kupokezana. Tulimchorea, lakini kuchonga alichonga mwenyewe kwa kisu chake cha mboga. Ilimchukua hadi jua likazama, na mchi mmoja ukatoka mnene kuliko mwingine. Tulipotaka kuusawazisha, alituzuia. "Huo mnene ni wangu," alisema.

Kesho yake aligonga kadi moja tu. Tulimshauri ajaribu kwanza kwenye gazeti, hakutaka. Aliweka wino, akakandamiza kwa viganja vyote viwili, akahesabu kimoyomoyo, akainua. Ilitoka nyeusi upande mmoja na hafifu upande wa pili. Ndani tulimwuliza tumwandikie nini, maana sisi tulikuwa na maneno mengi mazuri tayari, na mistari ya Maandiko pia. Alifikiri sana. "Mkiandika ninyi, atasoma mwandiko wenu." Badala ya maneno alipaka wino kidole gumba, akakibandika ndani, chini kabisa, mahali ambapo mtu huweka jina.

Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa stempu moja ya kipepeo. Aliibandua usiku, katika bakuli la maji ya vuguvugu. Tuliibandika kwa gundi ya unga juu ya kinu, na mikono yetu, tunakiri, haikuwa imara.

Anwani ilipatikana nyuma ya bahasha ya zamani: sanduku la posta la mahali anapofanya kazi mkwe. Tulikwenda posta pamoja naye, tukipita njia ya sokoni, naye amevaa viatu vyake vya kanisani. Karani alipoona kadi kabla ya bahasha kufungwa, alitukumbusha kwa upole kuwa stempu iliyokwisha kutumika hailipi tena, hivyo ikae ndani palepale ilipo. Bibi alimjibu kuwa anajua. Alinunua stempu mpya kwa fedha zake za uyoga, na alipotaka kuibandika karani alimsogezea sponji yenye maji. Bibi hakuitumia. Aliilamba.

Siku ya nne tuliondoka. Akina mama walikuwa wamekwisha kugonga kadi zaidi ya themanini, na ndala zilianza kupotea milangoni mwa watu.

Desemba ilipita, na shangazi kila alipopiga simu tulimwuliza. Hakuna. Noeli ikapita, Mwaka Mpya ukapita. Tulianza kulaumiana kimyakimya kwamba labda tungemwandikia walau neno moja, labda binti hakuelewa, labda sanduku la posta lilikwisha kubadilishwa.

Tarehe 9 Januari binti alipiga simu. Shangazi alikuwa pale barazani, akasikia. Hakukuwa na salamu ndefu. Aliuliza kama kile kinu bado kipo. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akamjibu kuwa kipo, ila kimepasuka upande mmoja, na siku hizi anatwanga taratibu.