Sikio la Kushoto

Mwaka 1973, Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, nilikuwa chuo cha ualimu, nikiyafuatilia mashindano redioni. Nikajiapiza kwamba siku moja nami nitakuwa na gari kama lile. Nililipata mwaka 1986, limechakaa, na mke wangu akangojea mabati ya jiko lake miaka miwili zaidi. Hilo hajanisamehe, na ana haki.

Injini yake ina silinda sita na kabureta mbili. Kabureta hizo zikivuta hewa kwa kiasi tofauti, gari hutetemeka likiwa limesimama, na petroli huisha upesi. Fundi wa kwanza alizivuruga zaidi, basi nikajifunza mwenyewe. Injini ipate moto kwanza. Kisha ncha moja ya mrija wa mpira mdomoni mwa kabureta, ya pili sikioni. Unausikiliza mvumo wa hewa huku, kisha kule, ukigeuza skrubu kidogo kidogo mpaka ilingane. Nilimfundisha mwanangu wa kiume. Dada yake nilimwambia akaoshe vyombo.

Mwaka jana nilihangaika nazo asubuhi nzima, nikaridhika. Gari likazidi kutetemeka. Binti yangu, ambaye sasa naye ni mwalimu mkuu, akauchukua mrija.

"Baba, ya nyuma inavuta zaidi. Husikii?"

Sikusikia. Sikio la kushoto, nililolitegemea miaka yote, halikuniambia kitu. Nikampa bisibisi.

"Sogea kidogo, baba," akasema. "Unanizibia mwanga."