TV ya Babu na Danadana za Waranti

Najua nilipotea. Kuna walioanza kusema nimefeli nikarudishwa nyumbani, jamani, hapana! Kilichonila muda ni TV. Wiki sita nzima, kila Jumanne na Ijumaa mchana ambapo sina vipindi, nilikuwa napanda daladala kwenda kukaa kwenye benchi la kituo cha huduma cha kampuni moja ya vifaa vya elektroniki. Jina silitaji.

Iko hivi. Nyumbani Mbagala tunaishi na babu, baba yake mama. Masikio yake yamekwisha, ukitaka kuongea naye unaandika kwenye daftari au unatumia mikono. Burudani yake ni mpira, na ikifika saa mbili usiku anasoma yale maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari. Mama alipopata zamu yake ya upatu akamnunulia TV mpya ya inchi 43, waranti miezi 12. Mwezi wa saba ikakata picha. Sauti ipo, rimoti inabadili chaneli, kioo cheusi tii. Kwa mtu mwingine ungesema basi, angalau imebaki redio. Sasa kwa babu imebaki nini? Na saa mbili ilikuwa ikifika anavuta kiti chake vilevile, anakaa mbele ya lile giza.

Tukaipeleka na bajaji, elfu ishirini na nne kwenda na kurudi. Pale kaunta wakataka risiti. Zile risiti za EFD zinachapwa kwa joto, siyo kwa wino, kwa hiyo zinafifia. Ya kwetu ilikuwa ndani ya bahasha ya mama, imetunzwa vizuri kabisa, nyeupe peee. Bahati nzuri niliipiga picha siku ileile ya kununua.

“Picha siyo risiti, kaka.”

Haya. Nikaenda Kariakoo kwa muuzaji, akaniandikia barua na kugonga mhuri. Wakaipokea. Ijumaa nikaambiwa njoo Jumanne. Jumanne, fundi ametoka. Ijumaa, subiri simu. Simu haikupigwa. Wiki ya tatu ndiyo nikapewa majibu: umeme wa nyumbani kwenu umeiunguza, waranti haihusiki, lipa laki mbili na themanini.

Hapo ndipo nilipochemka, maana mimi ndiye huyu ninayesomea kualimu fizikia. TV hizi za LED kioo chenyewe hakitoi mwanga. Nyuma yake kuna kanda zenye vitaa vidogo ndiyo vinavyomulika. Kwenye TV nyingi vitaa hivyo vimeunganishwa kwa mfuatano, kimoja nyuma ya kingine, kama zile taa za Krismasi za zamani. Kikikata kimoja, mkondo umekatika, vyote kwaheri. Picha yenyewe bado ipo, ila haina wa kuimulika. Ukitaka kuhakikisha zima taa chumbani, washa tochi ya simu, mulika kioo kwa karibu ukiwa umeinamisha tochi: utaona watu wanatembea mle ndani kama vivuli. Nilikuwa nimeshafanya hivyo nyumbani, nikawaona. Umeme ukipiga TV kwa nguvu, mara nyingi kinachotangulia ni ubao wa kupokea umeme, na hapo hata sauti huipati. Halafu ya kwetu ilikuwa kwenye gadi.

Nikaomba nioneshwe TV yangu. Dada wa kaunta akasita, akaniita ndani. Ile stika ya kiwanda iliyobandikwa juu ya skrubu ilikuwa haijaguswa! Sasa huyo fundi aliyeona kwamba umeme umeunguza alichungulia kupitia tundu gani?

Na stika hiyohiyo ndiyo kifungo chetu. Fundi wa mtaani kwetu alisema atabadilisha zile kanda kwa elfu sitini, lakini ukiibandua tu waranti imekufa, na bado miezi mitano. Mama alikuwa ameshachoka, “Mwanangu achana nao, mpe fundi wa hapa.” Nilimwelewa. Ila elfu sitini juu ya kitu ulichokwisha kulipia!

Jirani yangu wa hosteli anasoma sheria. Akanionesha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hiyohiyo iliyounda Tume ya Ushindani, kumbe ina vifungu vya kumlinda mlaji na vya wajibu wa mtengenezaji. Akaniambia pia kwamba Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha sheria kuwa kitu kikitengenezwa ndani ya waranti, mteja anaongezewa mwaka mmoja. Nchi zao zikapewa hadi Julai 2026 kuanza kuitumia. Ningewatajia hilo pale kaunta wangenicheka.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi: tarehe zote nilizokwenda, picha ya stika, ombi la ripoti ya fundi kwa maandishi, na chini kabisa, “Nakala: Tume ya Ushindani.” Nikang’ang’ania nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa.

Siku ya nne simu hiyo. “Kaka, TV yako ipo tayari.” Laki mbili na themanini sikuiona tena ikitajwa, wala ripoti ya umeme haikuwahi kuandikwa. Kilichobadilishwa ni kanda za taa. Nikaomba ile ya zamani, wakanipa kwa shingo upande. Nitakwenda nayo TP, wanafunzi wakashike saketi ya mfuatano kwa mikono yao.

Babu ameshaanza kugombana na marefa. Nauli ya bajaji hawajarudisha, na barua ya pili niliipeleka jana. Wakijibu nitawaambia.