Kuwafundisha Waswahili Kiswahili

Nilipopangiwa mazoezi ya kufundisha Mombasa, muhula wa pili wa 2015, wenzangu chuoni walinionea kijicho kwa ajili ya bahari. Mimi nilikuwa na hofu. Nimezaliwa Kitui, nyumbani tukizungumza Kikamba, na Kiswahili changu chote nilikipata darasani na vitabuni. Sasa nilikuwa naenda kuwafundisha Kiswahili watoto walionyonya nacho.

Nilipanga chumba Majengo. Shule ilikuwa ya umma, kando ya Mji wa Kale, na kila asubuhi nilipita Biashara Street wenye maduka wakifungua milango na kutundika leso nje, jozi kwa jozi, kiasi cha kuziba kuta. Huko ndiko liliko duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za Mali ya Abdulla, ambao biashara yao ni ya tangu 1887. Nilikuwa nikitembea polepole nisome majina ya leso, ile misemo iliyochapwa juu yake, na mara nyingi nilifika shuleni kengele ikilia.

Nilipewa Kidato cha Pili. Walikuwa zaidi ya 50, dawati la wawili likikaliwa na watatu, kitabu kimoja kikizungushwa kwa wanne. Ramadhani iliingia katikati ya Juni, na vipindi vya mchana vikawa vya watoto wenye midomo mikavu ambao baada ya shule bado walikuwa na madrasa. Hayo nilikuwa nimeonywa. Mwalimu mwelekezi wangu, mtu mwema aliyefundisha miaka mingi, aliniambia niandae somo fupi na nisipaze sauti, na ushauri huo ulinifaa.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya nililikuta kwenye madaftari ya insha. Yalikuwa yamesahihishwa muhula uliotangulia, na kurasa zilijaa wino mwekundu. Niliketi nayo jioni nzima. Msichana mmoja alikuwa ameandika juu ya Idd nyumbani kwao: baba anatinda mbuzi uani, nyanya anapepeta mtele, watoto wana ndaa lakini wanateka tu kwa furaha. Insha ilikuwa na harufu na sauti; niliposoma niliona ule ua. Maneno manne ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, yaani anatinda (anachinja), mtele (mchele), ndaa (njaa) na wanateka (wanacheka), yote yalikuwa yamepigiwa mstari. Hapakuwa na maelezo, mstari tu, na chini yake alama zilizopunguzwa. Insha iliyofuata ya msichana huyo ilikuwa nusu ukurasa. Sentensi fupi, sahihi, hazina mtu ndani yake.

Mtihani wa kitaifa una karatasi tatu za Kiswahili: ya kwanza Insha, ya pili Lugha, ya tatu Fasihi. Katika ya kwanza, neno la Kimvita ni kosa. Katika ya tatu, ukiulizwa jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake, unataja inkisari, mazida na lahaja, na hilo hilo neno la Kimvita unalinukuu kama ushahidi na kupewa alama. Nilikuwa nimesoma hayo yote chuoni bila kuyaweka pamoja. Aliyeyaweka pamoja ni mvulana wa dawati la nyuma, siku niliyofundisha ushairi na kuandika ubaoni maneno mato (macho) na kitwa (kichwa) kama mifano ya lahaja.

"Mwalimu, mbona mshairi akiandika mato ni uhuru, na sisi tukiandika ni kosa?"

Darasa zima liligeuka kunitazama. Nililaza andalio la somo mezani na kuwaeleza kisa chenyewe. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Kiswahili alichokiandikia kamusi ni hiki cha kwao. Wamisionari wa Unguja, akina Edward Steere, walishika Kiunguja. Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa serikali za kikoloni walifanya mkutano wa kuchagua lahaja moja ya shule na vitabu vya Afrika Mashariki. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kutangulia bara pamoja na misafara ya biashara, na shule za Tanganyika zilikuwa zikikitumia. Kikachaguliwa. Mkutano wenyewe ulikaliwa Mombasa.

"Hapa hapa?" aliuliza yule msichana wa insha ya Idd.

"Hapa hapa."

Waliguna. Nikawaambia kuwa Muyaka bin Haji alikuwa ameshatunga mashairi kwa Kimvita karne moja kabla ya mkutano huo, na kwamba Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji wao, alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972 kwa lugha waliyoizungumza asubuhi hiyo kabla ya kuja shule. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa.

Wiki iliyofuata niliwaomba kila mmoja aje na jina la leso moja kutoka nyumbani. Msichana mmoja, ambaye bibi yake aliuza leso Biashara Street, aliandika ubaoni: Usisafirie nyota ya mwenzio. Nikawauliza mizani. Walihesabu kwa vidole, midomo ikitikisika: u-si-sa-fi-ri-e, sita, nyo-ta-ya-mwe-nzi-o, sita. Ukwapi na utao, vipande viwili sawasawa, mshororo kamili wa mizani 12. Yule msichana alisema bibi yake hakusoma shule, lakini jina likiwa na mizani iliyozidi hulikataa na kusema "halikai." Tulipima majina mengine mpaka kengele, na wavulana waliokuwa wakilala wakati wa ushairi walibishana kuhusu silabi kana kwamba wanagawana pesa.

Kuanzia hapo nilisahihisha insha kwa kalamu mbili. Nyekundu ilikuwa ya kosa. Kwa ya kijani nilizungushia neno la Kimvita na kuandika pembeni neno la Kiswahili sanifu, bila kupunguza alama katika mazoezi ya darasani. Mhadhiri aliyekuja kunikagua aliyafunua madaftari, akaniuliza, "Mwalimu, unadhani mtahini wa taifa ana kalamu ya kijani?" Nilimjibu hana, na kwamba wanafunzi wangu wanalijua hilo kwa kuwa nimewaambia siku ya kwanza. Mtu anayejua kuwa kinachotakiwa pale ni njaa ataandika njaa. Aliyeachwa aamini kuwa nyumbani kwao husemwa vibaya ataandika nusu ukurasa. Mhadhiri hakukubali. Aliandika kwenye fomu kwamba utaratibu wangu wa kusahihisha unaweza kuwachanganya wanafunzi.

Msichana wa Idd aliandika kurasa tatu kabla ya muhula kwisha. Zilikuwa na duara nyingi za kijani, na katika nakala safi aliyoirudia mwenyewe alibadilisha maneno yote isipokuwa moja, kutinda, ambalo aliliweka katika maneno ya baba yake, ndani ya alama za kunukuu.