Masurufu ya Njia ya Malindi

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na hakuna aujuaye ukweli huo kama mwendesha baiskeli. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kadiri ya kilomita 120. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hiyo ni kazi ya saa 8, mbali na mapumziko. Safari ya namna hii huamuliwa jikoni, nasi huchagua masurufu yasiyo na nyama wala samaki, kwani joto la pwani huviharibu upesi.

Matayarisho huanza usiku wa kuamkia safari. Mbaazi zilizorowekwa huchemshwa kwa chumvi, vitunguu na bizari hadi mchuzi ukauke. Hazitiwi nazi, maana tui huchacha njiani. Mbaazi za nazi ni za kuliwa nyumbani kabla ya kuondoka. Mahamri ya safari huachwa yapoe kabisa, ndipo yafungwe katika kitambaa cha pamba. Yakifungwa yangali moto hutoa jasho na kuvunda. Huongezwa viazi vitamu vya kuchemsha, tende, karanga, na maji yaliyotiwa limau, sukari na chumvi kidogo.

Tulivuka daraja la Nyali baada ya sala ya alfajiri, tukapita Mtwapa kabla jua halijakaza. Kijana mmoja miongoni mwetu hakuchukua kitu, akisema riziki i njiani. Tulipofika Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge, mikono ilimtetemeka, macho yakamwingia kiza, na baiskeli ikaanza kumpeleka upande wa malori. Tulimketisha kivulini, tukampa tende na maji ya limau, hata nguvu zikamrejea. Katika Surat al-Baqara, aya ya 197, mahujaji wameamrishwa kuchukua masurufu. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii mtu kufunga chakula chake. Tangu hapo kila mmoja alikula tende tatu kila saa, bila kungoja njaa.

Mbaazi na mahamri tulivila Kilifi, tukiutazama mkono wa bahari uliovukwa kwa feri hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Hapo tulinunua madafu na korosho. Mbele yake msitu wa Arabuko-Sokoke ulikuwa mkono wetu wa kushoto, na viazi vitamu tulivimaliza Gede, karibu na magofu ya mji wa kale. Tuliingia Malindi alasiri, sote kwa miguu yetu.

Kina mama ndio waliokesha wakikanda unga wa mahamri hayo. Basi enyi vijana, anayetaka kusafiri kwa baiskeli naaroweke mbaazi zake mwenyewe, azichemshe, na sufuria aioshe kabla ya kutoka.